Koo Linapouma: Kidonge cha Antibiotiki Kinafanyaje Kazi?

Kipindi cha afya, lugha ya Kiswahili
Msomaji mmoja, na mapumziko mawili ya muziki

[Muziki wa kufungulia. Baada ya sekunde 15 ushuke taratibu.]

Mwiriwe, ndugu zetu wa Burundi na Rwanda. Muli bwanji nonse, majirani zetu wa vijiji vya Dowa mnaotusikia. Hiki ni kipindi chenu cha afya, na leo niko peke yangu kwenye maikrofoni. Sogea karibu na redio. Kama hapo jirani kuna mama au bibi mwenye watoto, mwite, kwa sababu mada ya leo inamhusu.

Leo tunazungumzia koo. Sisi tuliotoka Kongo tunasema mtoto ana anjini. Waliopitia Tanzania wanasema mafindofindo, au tonsili. Ukifika kituo cha afya hapa Malawi utasema: "Pakhosi pakundipweteka", yaani koo linaniuma. Majina ni mengi, lakini dawa tunayoikimbilia ni moja: vile vidonge vya rangi mbili, amoksilini, au ndugu yake penisilini. Je, unajua kidonge hicho kikishapita mdomoni kinaenda wapi? Kinafanya nini huko? Na kwa nini daktari anakuandikia siku nyingi wakati wewe siku ya tatu tayari umepona?

Kabla sijajibu, nitawaambia kwa nini nimeichagua mada hii. Ni habari ya nyumbani kwetu, na mama yangu ameniruhusu niiseme hewani.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa na miaka 11. Ilikuwa mwezi wa sita, ule wakati wa baridi ambao hapa Dzaleka upepo unapita mpaka chini ya mlango. Tulikuwa tunalala watoto watano chumba kimoja. Akaamka na homa, koo linauma, hataki hata uji. Mama akaenda kwa muuzaji mmoja sokoni, akanunua vidonge sita, kwa sababu hela yake ilitosha sita. Mdogo wangu akameza vinne. Siku ya pili jioni akawa mzima, anacheza mpira. Vile viwili vilivyobaki mama akavifunga kwenye kona ya kitenge, akasema, "Hivi vitamfaa mwingine." Mama hakuwa mzembe. Alikuwa anabana matumizi, kama mama yeyote wa hapa.

Jambo hilo lilirudi mwaka ule, na mwaka uliofuata. Koo, vidonge vichache, mpira. Halafu safari moja, koo lilikuwa limepoa kama wiki mbili au tatu, goti likavimba. Likapoa, kikavimba kifundo cha mguu. Kisha kiwiko. Wengine walisema ni mpira, wengine wakasema ameumia akichota maji, na wapo waliosema amerogwa. Ikafika siku akawa hawezi kubeba ndoo kutoka bombani mpaka nyumbani bila kusimama mara tatu kuvuta pumzi. Mtoto wa miaka 13.

Tukampeleka kituo cha afya cha hapa kambini. Tabibu akaweka kipimo kifuani, akasikiliza kwa muda mrefu, akaandika barua ya kwenda Hospitali ya Kamuzu Central, Lilongwe. Mimi ndiye niliyemsindikiza kwenye minibasi. Kule walimpima moyo kwa mashine inayoonyesha picha, na daktari akaniuliza swali ambalo sikulitegemea kabisa. Hakuuliza habari ya moyo. Aliuliza: "Huyu mtoto huwa anaumwa koo?"

[Muziki mfupi, sekunde 10.]

Wasikilizaji, koo na moyo vinajuanaje? Tutafika. Kwanza tumjue adui.

Maumivu mengi ya koo yanaletwa na virusi, wale wale wa mafua. Kwa watu wazima, karibu wote wanaoumwa koo wanaumwa kwa sababu ya virusi. Kwa watoto pia ni wengi, lakini kwa mtoto wa shule, tuseme wa miaka 5 mpaka 15, kuna nafasi kubwa zaidi kwamba ni bakteria. Bakteria mwenyewe tunayemwogopa anaitwa streptokoka. Anapita kwa mate na makohozi: mtu anakohoa, anapiga chafya, mnakunywa kikombe kimoja, mnalala mmebanana. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 ikitengewa watu 10,000 hivi, na leo tumezidi 50,000. Streptokoka hahitaji kutafuta njia. Sisi wenyewe tumelala karibu karibu.

Utatofautishaje? Sikiliza vizuri. Kama koo linauma pamoja na mafua, kikohozi, sauti kukauka na macho mekundu, hiyo inaelekea kwenye virusi. Kama koo limeuma ghafla, homa ni kali, hakuna kikohozi, tonsili zimevimba na zina madoa meupe kama usaha, na tezi za shingo chini ya taya zinauma ukizigusa, hiyo inaelekea kwa streptokoka. Nasema inaelekea. Kwa macho peke yake hata daktari anaweza kukosea. Ndiyo maana mtoto apelekwe akaangaliwe. Na kumbuka, hapa kwetu homa inaweza kuwa malaria pia, hata kama koo nalo linauma. Akifika kituo atapimwa.

Sasa, kidonge. Umekimeza na maji. Watu wengi wanadhani kwa kuwa kimepita kooni, basi kimegusa kidonda na kazi imeanza. Sivyo. Wapo wanaofungua kapsuli na kumwaga unga wake kwenye tonsili, kama wengine wanavyoumwaga kwenye kidonda cha mguu. Huko ni kupoteza dawa. Kidonge kinapita koo bila kulitibu. Kinashuka tumboni, kinayeyuka, kinaingia utumbo mwembamba, na hapo ndipo dawa inapenya kuingia kwenye damu. Damu inaizungusha mwili mzima, na sehemu yake inafika kwenye nyama ya tonsili kutokea ndani, kule bakteria walikojificha. Saa moja mpaka mbili baada ya kumeza, amoksilini inakuwa imefikia wingi wake mkubwa kwenye damu.

Lakini haikai. Mafigo yanaiona, yanaichuja, yanaitoa kwenye mkojo. Kila baada ya saa moja hivi, nusu ya iliyokuwamo kwenye damu inakuwa imeondoka. Ni sawa na ndoo iliyotoboka: ukiacha kuongeza maji, inakauka. Ndiyo sababu ya kuandikiwa mara 2 au mara 3 kwa siku. Ukimeza vya siku nzima asubuhi kwa pamoja ili usisahau, asubuhi dawa itajaa, na usiku bakteria watabaki peke yao wakifanya wanavyotaka.

Dawa ikishamfikia bakteria inamfanya nini? Hapa naomba mfikirie nyumba zetu. Nyingi tumezijenga kwa matofali ya udongo. Mwenye nyumba akitaka kuongeza chumba, anabomoa kipande cha ukuta, anaweka matofali mapya, anakandika. Bakteria naye ana ukuta unaomzunguka. Naye akitaka kukua na kugawanyika awe wawili, anafungua ukuta wake kidogo na kujenga upya, mchana na usiku. Penisilini na amoksilini zinakwenda kumshika fundi mikono. Bakteria anaendelea kubomoa, lakini hakuna anayejenga. Mmeona wenyewe nyumba iliyoachwa ukuta wazi mvua za mwezi wa kwanza zikinyesha. Maji yanaingia, inaanguka. Ndivyo bakteria anavyokufa: maji yanamwingia, anavimba, anapasuka.

Kuna mambo matatu ya kujifunza kutokana na ukuta huo.

La kwanza, chembe za mwili wetu hazina ukuta wa namna hiyo. Ndiyo maana dawa inaweza kumuua bakteria bila kutuua sisi.

La pili, virusi navyo havina ukuta huo. Havijengi nyumba. Vinaingia kwenye chembe zetu na kukaa humo kama mpangaji asiyelipa. Kwa hiyo ukimeza amoksilini kwa koo la mafua, dawa inazunguka inatafuta fundi wa kumshika, na hakuna fundi. Utapona, ndiyo, kwa sababu mafua yanapona yenyewe, halafu utaisifu dawa ambayo haikufanya kitu.

La tatu, dawa inamkamata bakteria anapojenga. Wale waliotulia, wasiogawanyika kwa wakati ule, wanaikwepa. Watajenga kesho, au keshokutwa. Dawa lazima iwepo siku hiyo ikiwasubiri.

[Muziki, sekunde 20.]

Tunaendelea. Kama ndiyo umefungua redio sasa hivi, tunazungumzia dawa ya kumeza kwa ajili ya maambukizi ya koo na tonsili.

Sasa tufike kwenye moyo. Ukweli ni kwamba koo la streptokoka mara nyingi linapoa lenyewe ndani ya siku chache, hata bila dawa. Mwili unapigana. Basi kwa nini tunatibu? Kwa sababu katika kupigana, mwili wa baadhi ya watoto unachanganyikiwa. Silaha uliyoitengeneza kumpiga streptokoka inageuka na kuvipiga viungo vya mwili wenyewe, kana kwamba bakteria na moyo vimefanana sura. Jambo hilo linatokea wiki mbili au tatu baada ya koo, wakati kila mtu amekwisha kusahau. Magoti yanavimba, maumivu yanahama kutoka kiungo kimoja kwenda kingine, homa inarudi. Inaitwa homa ya rumatiki. Maumivu ya viungo yanapita. Ila kama imegusa milango midogo ya moyo, ile valvu inayofunguka na kufunga damu ipite njia moja, jeraha linabaki. Na kila koo la streptokoka linalofuata linaweza kuongeza jeraha juu ya jeraha.

Sitaki kuwatisha. Watoto wengi wanaoumwa koo hawafiki huko. Ni wachache. Lakini huwezi kumjua mapema mtoto atakayefika, na mtoto akifika, hakuna kidonge cha kuurudisha moyo ulivyokuwa. Habari njema ni hii: ukianza dawa sahihi ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, bado unaweza kuizuia homa hiyo ya rumatiki. Kwa hiyo hata kama Jumatatu hukuweza kwenda, nenda Jumatano. Usiseme nimechelewa.

Kwa ajili hiyo daktari anaandika siku nyingi, mara nyingi siku 10 kwa penisilini au amoksilini. Siku ya pili au ya tatu homa inashuka na maumivu yanaisha kwa sababu bakteria wamepungua. Kupungua si kuisha. Ukisimamisha dawa hapo, waliobaki kwenye tonsili wanaanza kujenga tena. Mahali pengine na kwa dawa nyingine siku huwa chache zaidi, kwa hiyo usihesabu kwa kumsikiliza jirani, wala kwa kunisikiliza mimi. Hesabu siku ulizoandikiwa wewe. Kama hukuelewa, uliza. Kwa Chichewa unasema: "Mankhwala awa ndimwe masiku angati?" Dawa hii nimeze siku ngapi? Hakuna aibu katika kuuliza.

Na ipo njia nyingine. Kama daktari anaona siku 10 ni ngumu, anaweza kumchoma mtoto sindano moja ya benzathini penisilini. Hiyo inakaa kwenye nyama na kutoka polepole kwa wiki kadhaa. Inauma, nakubali. Lakini ni sindano moja, basi.

Sasa niongee na mama zangu na baba zangu kuhusu mambo yanayotukwamisha hapa hapa kambini.

Kwanza, saa. Sisi tunasema saa 12 asubuhi jua likichomoza. Mmalawi anaiita saa hiyo hiyo saa 6, kwa sababu anaanza kuhesabu usiku wa manane. Kwa hiyo akikuambia saa 2 mchana, kwako wewe ni saa 8. Watu wamekosea dawa kwa jambo hili dogo. Kama umeandikiwa kila baada ya saa 8, mpango rahisi kwa saa zetu ni huu: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, na saa 4 usiku. Chora mistari ukutani kwa mkaa, mstari mmoja kwa kila kidonge. Ukimeza, unafuta mmoja. Ukisahau, meza mara unapokumbuka, lakini usimeze viwili pamoja ili kufidia.

Pili, chakula. Nimesikia mara nyingi: "Sikumeza dawa kwa sababu hatukupika." Najua tunaishi vipi. Msaada unapungua, na kuna siku jiko haliwashwi. Sikilizeni hapa: amoksilini inaweza kumezwa na chakula au bila chakula. Penisilini ya vidonge, tena, inaingia mwilini vizuri zaidi tumbo likiwa tupu. Zipo antibiotiki nyingine zinazosumbua tumbo tupu, kwa hiyo uliza unapopewa. Ila usiache amoksilini kwa sababu ya sufuria tupu. Maji safi yanatosha.

Tatu, dawa ya maji ya watoto. Ile chupa ina unga. Unachanganya maji yaliyochemshwa na kupoa, mpaka kwenye alama, unatikisa. Tikisa kila unapotoa. Pima kwa kifaa ulichopewa, kwa sababu vijiko vya nyumbani havilingani. Chini ya bati kunachoma mchana, basi iweke chupa mahali pa kivuli, ndani ya bakuli la maji ya baridi. Zikiisha siku zilizoandikwa kwenye chupa, mwaga iliyobaki.

Nne, kugawana. Vile vidonge viwili mama yangu alivyofunga kwenye kitenge ndiyo habari yenyewe. Aliyekuwa anaumwa hakutosheka, na atakayekuja kuvimeza hatatosheka. Kipimo cha mtoto kinafuata uzito wake. Hakuna dawa ya koo iliyo vidonge viwili.

Tano, sokoni. Kuna dawa zinazouzwa juani, bila karatasi, bila tarehe. Huwezi kujua ndani mna nini. Kituo cha afya kina foleni, ndiyo, na siku nyingine dawa inaweza kuwa imeisha. Hata hivyo anza pale. Ukipewa karatasi ya kwenda kununua, nunua kwenye duka la dawa lenye kibali, na nunua za siku zote.

[Sauti ya kengele fupi.]

Kuna jambo la sita, na nitalisema polepole. Wapo wazee wetu wanaoamini kwamba koo likiuma, au mtoto akikohoa sana, mkosaji ni kilimi, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya mdomo. Wengine wanakiita kimeo, na kwa Kinyarwanda na Kirundi mnajua, ikirimi. Mtoto anapelekwa kwa mtu, kinakatwa kwa wembe au kisu. Siwadharau wazee. Walifanya walichokijua wakati hakukuwa na dawa. Lakini kukata kilimi hakumwui streptokoka, maana yeye anakaa kwenye tonsili. Na pale mtoto anaweza kutoka damu nyingi isiyosimama, anaweza kupata pepopunda, na wembe uliopita kwa mwingine unaweza kuleta virusi vya UKIMWI. Nyanya, ukiona kilimi kimevimba, kimevimba kwa sababu koo lote linaumwa. Litibu koo, kitashuka.

Maswali yaliyotufikia. Mama mmoja wa Kawale anauliza: "Nikimpa antibiotiki mapema kwa kila koo, si ndiyo nitakuwa salama?" Mama yangu, asante kwa swali. Hapana, na sababu naichukua hapa hapa Malawi. Zamani watu walitibu malaria kwa klorokwini. Ilitumika kila mahali mpaka mdudu wa malaria akaizoea. Mwaka 1993 Malawi ikawa nchi ya kwanza Afrika kuiacha, ikaleta dawa nyingine. Watafiti walipoijaribu tena kwa watoto kule Blantyre mwaka 2005, miaka 12 baadaye, ikawa inatibu tena, kwa sababu wadudu walioizoea walikuwa wamepotea. Malaria si bakteria, na mimi sikuambii urudi kwenye klorokwini. Nakuonyesha kwamba dawa ikitumiwa ovyo inachoka, na ikichoka, taifa zima linaikosa.

Streptokoka wa kooni mpaka leo hajaweza kuishinda penisilini, na hiyo ni bahati yetu. Lakini tumboni na kwenye ngozi tuna bakteria wa aina nyingine wengi. Kila kidonge unachomeza kinawafikia nao. Wale dhaifu wanafa, wale sugu wanabaki na kuzaana. Siku moja mtoto atapata nimonia au kidonda kibaya, na dawa itakuta fundi asiyeshikika. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini London mwaka 1928, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya kuhusu jambo hili hili: kwamba kipimo kidogo mno kinawafundisha vijidudu kuizoea dawa.

Baba mmoja wa Likuni anauliza: "Sasa koo la virusi nilitibu na nini?" Maji ya kunywa kwa wingi, uji mwepesi, chai ya uvuguvugu. Parasetamoli kwa maumivu na homa, kwa kipimo cha umri. Mkubwa anayeweza kusukutua bila kumeza, aweke nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, asukutue mara kadhaa kwa siku. Asali inasaidia, lakini usimpe mtoto asiyetimiza mwaka mmoja.

Dada mmoja anauliza kama penisilini inaweza kudhuru. Inaweza, kwa watu wachache ambao miili yao inaikataa. Ukimeza kisha ngozi ikatoka mabaka ya kuwasha, acha na urudi kituoni. Midomo au uso ukivimba, au pumzi ikabana, usingoje dakika moja, kimbia. Na kuanzia siku hiyo mwambie kila daktari, maana zipo dawa nyingine za koo kwa mtu wa namna hiyo. Kuharisha kidogo au kichefuchefu ni kawaida, na hakutoshi kukuachisha dawa, ila kukizidi rudi ukaonwe.

Sasa chukueni kalamu, au mwambieni mtoto wa shule aandike. Hizi ni dalili za kutosubiri hata usiku upite. Mtoto anapumua kwa shida au kwa sauti ya kukwaruza. Hawezi kumeza hata mate, yanamtoka mdomoni. Hawezi kufungua mdomo, au koo limevimba upande mmoja. Shingo imekakamaa. Kuna utando wa kijivu kooni, ambao unaweza kuwa dondakoo, ule ugonjwa tunaowakinga watoto kwa chanjo za kliniki. Na mtoto aliyeumwa koo wiki mbili tatu zilizopita, sasa viungo vinavimba kwa kuhama, au anachoka na kukosa pumzi. Huyo mpeleke, na umwambie tabibu wazi: "Aliumwa koo." Sisi hatukusema, kwa sababu hatukujua kwamba ni neno la kusema.

Na kinga? Kunawa mikono, kukohoa kwenye kiwiko, kila mtu na kikombe chake ikiwezekana. Mtoto mwenye streptokoka akishameza dawa kwa saa 24, uwezo wake wa kuwaambukiza wengine unapungua sana. Basi siku hiyo ya kwanza abaki nyumbani, asiende shule.

[Muziki wa kufungia uanze chini chini.]

Mtauliza, mdogo wangu yuko wapi leo? Yupo. Amekua, ananizidi urefu. Kila baada ya wiki nne anakwenda kuchomwa sindano ya penisilini, ili streptokoka asirudi kuugusa moyo wake tena, na ataendelea hivyo kwa miaka mingi. Mara kwa mara tunapanda minibasi kwenda Lilongwe wakauangalie moyo. Mpira haukimbii tena. Anapuliza filimbi, ndiye refa wa watoto wa mtaa. Siwezi kuapa kwamba vidonge vile viwili ndivyo vingemwokoa. Hakuna anayeweza kuapa. Ninachojua ni kwamba vilikuwa vyake, na havikumfikia.

Mama bado ana kile kitenge. Siku hizi dawa ikiingia nyumbani, yeye ndiye anayechora mistari ukutani, na hakuna anayelala kabla mstari haujafutwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Koo la mtoto ni ufa mdogo. Tuuzibe ungali ufa.

Nimekuwa nanyi mimi mtangazaji wenu, kutoka hapa Dzaleka. Kama una swali, lilete kituoni kwetu kwa mdomo au kwa karatasi, tutalijibu kipindi kijacho. Mubaki na amani. Mugire amahoro. Tsalani bwino.

[Muziki upande, kisha ukome.]